Loice Akot na Kesi ya Tanuri

Siku niliyopanda ngazi za ofisi ya Bwana Okullo kwa mara ya kwanza, Agosti 1974, nilimkuta mwanamke wa makamo akinoa penseli kwa wembe. Ilikuwa penseli ya maofisini ya zamani, nyekundu upande mmoja na buluu upande wa pili, nayo ilikuwa imebaki na urefu wa kidole. Hakuniangalia mpaka ncha zote mbili zilipokuwa tayari.

"Wewe ndiye wakili mpya?"

"Ndimi."

"Wa Makerere?"

"Wa Makerere, mama."

"Basi karibu. Kalamu ya wino usiisogeze karibu na rafu zile. Mengine tutaelewana."

Huyo ndiye Loice Akot, mpiga chapa wa ofisi yetu ya Old Kampala, mzaliwa wa Lira, mke wa dereva wa polisi, mkazi wa Kisugu. Ninaandika habari zake kwa sababu magazeti yetu, tangu utawala wa kijeshi wa miaka ile uanguke, yamejaa picha za watu walioshika bunduki na watu waliowanyang'anya bunduki hizo. Sina ugomvi nao. Lakini nimeona kwa macho yangu mtu mmoja akizuiwa mlangoni, na kilichomzuia hakikuwa bunduki. Ilikuwa kazi ya mwanamke huyu na penseli yake.

Nami wakati huo sikuwa mtu wa kuheshimu penseli. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, wakili wa miezi minne, na nilikuwa na hasira asubuhi mpaka jioni. Marafiki zangu wawili wa chuo walikuwa wametiwa ndani ya buti la gari mchana, mbele ya watu, na hawakurudi. Amri za serikali zilitangazwa redioni saa saba na kuanza kutumika saa saba hiyohiyo. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba sheria imekufa nchini, kwamba hukumu za zamani ni makaratasi ya wakoloni, na kwamba kilichobaki kwa wakili mwenye dhamiri ni kusimama mahakamani na kutoa hotuba kali kabla hawajamchukua yeye pia. Hotuba kadhaa nilikuwa nazo tayari kichwani.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya Bwana Trivedi, wakili wa Kihindi, mpaka mwaka 1972 alipoamriwa kuondoka pamoja na wenzake ndani ya siku tisini. Aliondoka na masanduku mawili. Mama Loice alikuwa amemfanyia kazi miaka kumi na mitano.

"Siku ya mwisho aliniambia, Loice, vitabu hivi wauzie wenye karanga wafungie," alinisimulia. "Nikamwambia, sawa, bwana. Ndiyo mara pekee niliyomdanganya."

Vitabu hivyo vilijaza ukuta mzima: hukumu za mahakama za Uganda, Kenya na Tanganyika, miaka na miaka, majalada ya ngozi yaliyochunika migongo. Bwana Okullo alipoichukua ofisi hakuvigusa. Alijinunulia seti yake, mpya kabisa, yenye maandishi ya dhahabu, akaipanga nyuma ya kiti chake ili wateja waione.

Kitabu cha hukumu kina udhaifu mmoja: hakijui yaliyotokea baada yake. Jaji anaamua leo, uamuzi unapigwa chapa, unafungwa ndani ya jalada. Miaka mitano baadaye mahakama ya juu inasema jaji yule alikosea. Lakini ukurasa wa zamani unabaki vilevile, umesimama wima rafuni, unazungumza kwa sauti ileile ya kujiamini. Msomaji asiye na habari ataukuta na kuuamini.

Kazi ya Mama Loice ilikuwa kuzipa kurasa zile habari. Kila Ijumaa alikwenda masijala ya Mahakama Kuu na daftari lake, akasoma hukumu mpya zilizotoka, zetu na zile zilizoletwa kutoka Nairobi na Dar es Salaam, maana Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikuwa bado moja kwa nchi zote tatu. Hukumu nzito ambazo hazikupigwa chapa vitabuni alizinakili neno kwa neno, kisha akamng'ang'ania karani mpaka agonge mhuri. Jumatatu alivishusha vitabu vya zamani, akaandika pembeni mwa ukurasa kwa herufi ndogo kama mbegu za ulezi. Buluu maana yake hukumu hii imefuatwa, na mwaka, na jina la kesi iliyoifuata. Buluu ya vistari vilivyokatikakatika maana yake mahakama imesema mambo hayafanani, kwa hiyo haikuifuata, lakini haikuigusa. Nyekundu maana yake imetenguliwa. Bwana Trivedi ndiye aliyemfundisha, akianzia na hukumu za miaka ya nyuma, na miaka miwili baada ya Bwana Trivedi kuondoka aliendelea bila mtu wa kumwomba.

"Mama Loice," nilimwambia wiki ya kwanza, "unamfanyia nani kazi hii? Mahakama yenyewe siku hizi inasikiliza redio kwanza."

"Namfanyia atakayeuliza."

"Nani huyo?"

"Nikishamjua nitakuletea umwone. Shusha mguu kutoka kwenye kiti cha wateja."

Aliyeuliza alikuja mwezi wa kumi, amebeba karatasi ya mahakama ndani ya bakuli la enameli ili isilowe mvua.

Pélagie tulimfahamu sote kwa sababu tulikula kwake. Alikuwa Mkongo wa Butembo, mjane, na hapo nyumba ya tatu kutoka kwetu alikuwa na vyumba viwili vya nyuma ya duka: kimoja jiko, kimoja kulala yeye na wanawe wawili. Sombe yake, kisamvu cha Kikongo, na samaki wa kukaushwa vilikuwa vikiwaita walimu, makarani na mafundi wa mtaa mzima. Mwenye jengo, mfanyabiashara wa vitambaa, alikuwa amempa mkataba wa maandishi wa miaka saba, kuanzia Januari 1971. Kisha naye akaondoka na Wahindi wenzake, na jengo likakaa mikononi mwa serikali, hadi mwaka ule lilipogawiwa bwana mmoja mwenye jamaa zake jeshini. Mtaani tulimwita Miwani, kwa sababu ya miwani yake myeusi ambayo hakuwahi kuibandua karatasi ya bei. Jina lake la kweli siliandiki. Watoto wake wanasoma na hawana kosa.

"Anasema nitoke," alisema Pélagie, ambaye kila wakili alimwita avoka, kwa Kifaransa cha kwao. "Anasema mkataba wangu ni wa Muhindi, na Muhindi ameenda, basi mkataba umeenda pamoja naye. Bwana Avoka, mimi nikitoka pale nitapika wapi? Nitalaza watoto wapi? Kila kizuizi cha barabarani wananiuliza, wewe mkimbizi, unakaa wapi? Leo najibu. Kesho nitajibu nini?"

Nilishangaa kwa nini mtu kama yule alijisumbua kwenda mahakamani badala ya kuleta askari wanne na lori. Bwana Okullo alicheka bila furaha.

"Jengo lake la kwanza alinyang'anywa na mkubwa kuliko yeye. Sasa anataka karatasi yenye mhuri wa hakimu, aioneshe mkubwa mwingine akija. Hata wao, Oloya, wanataka karatasi." Kisha akanisukumia faili. "Chukua wewe. Mimi nina watoto watano."

Niliandika siku tatu. Katika seti mpya ya Bwana Okullo nilipata hukumu ya Mombasa ya 1949, iliyoamua kwamba mpangaji hatolewi kwa sababu tu jina la mwenye nyumba limebadilika, na jaji aliandika kwa moto wa ajabu: makao ya mtu hayafutwi kwa mabadiliko ya karatasi mezani pa wengine. Nilisoma sentensi hiyo nimesimama. Nilijenga juu yake hotuba ya kurasa kumi na nne. Humo nilimkaripia Miwani, serikali iliyomgawia, na ubeberu kwa ujumla. Nikampa Mama Loice achape.

Mashine ililia kwa ukurasa mmoja na nusu, kisha ikanyamaza. Nilisubiri. Haikuendelea.

"Utepe umekatika?" niliuliza.

"Utepe mzima. Njoo, mwanasheria." Alikuwa ameshashusha kitabu kutoka rafu za ukutani, kitabu kilekile cha 1949, ila kile cha zamani. Alikifungua akaweka kidole. Pembeni mwa sentensi yangu nzuri ulipita mstari mwekundu kutoka juu ya ukurasa hadi chini, na kando yake: *Imetenguliwa, Rufani, 1951.*

"Huyu ni marehemu," alisema.

"Haiwezekani. Kitabu cha Bwana Okullo..."

"Kitabu cha Bwana Okullo kizuri sana. Kinang'aa. Kimekwambia hukumu imetenguliwa?"

Nilirudi kuusoma ule mstari mwekundu.

"Wakili wa Miwani ni Bwana Olweny. Mzee yule anajua kuhesabu makaburi. Ungesimama pale na kurasa zako kumi na nne, angekungoja umalize, angesimama aseme maneno mawili tu, na Pélagie angelala barabarani jioni ileile. Wewe ungekwenda nyumbani kujisikia shujaa."

Iliniuma. Nilimjibu vibaya, na sitaficha nilichosema. Nilimwambia kwamba mpiga chapa hawezi kunifundisha sheria.

"Sikufundishi," alisema bila kuinua sauti. "Nimekuonesha kaburi. Sasa unataka kuona aliye hai, au unataka kwenda kula kwanza?"

Tuliketi sakafuni, kwa sababu meza haikutosha. Alishusha kitabu chembamba cha 1936. Kesi ilikuwa ya watu wasio na umaarufu wowote, karibu na Jinja. Mtu mmoja alipewa ruhusa ya kuchoma matofali kwenye shamba la mwenzake kwa miaka sita, akajenga tanuri. Mwaka wa pili mwenye shamba aliuza. Mnunuzi akasema, mimi sikuwekeana sahihi na mchoma matofali, aondoke. Mama Loice alinisomea maneno ya jaji polepole, akiyageuza kwa Kiswahili:

"Mnunuzi alifika shambani mchana. Aliona tanuri likiwaka na mtu akifanya kazi. Hakumuuliza yupo pale kwa haki gani. Mtu akiacha kuuliza juu ya kitu anachokiona, sheria itamhesabu kuwa aliuliza na akajibiwa."

Basi. Mchoma matofali akabaki hadi miaka yake ikaisha. Kesi ndogo, tofali na tope. Lakini pembeni mwa ukurasa palikuwa buluu tupu. Buluu ilijaza pembe ya kushoto, ikageukia chini, ikapanda kulia, na mwisho Mama Loice alikuwa amebandika kipande cha karatasi kwa gundi ya unga ili apate nafasi zaidi.

"Mimi naiita Tanuri," alisema. "Hawa ni watoto wake."

Alivishusha vitabu kimoja kimoja na kuvipanga kunizunguka. Kisumu, 1943: chumba cha fundi cherehani, mwenye nyumba amebadilika, Tanuri imefuatwa. Mbale, 1950: mrithi aliiuza nyumba ya marehemu huku mjane akiwa ndani. Mnunuzi alikuja akamkuta anaanika nguo, hakumuuliza kitu. Mjane alibaki. Hapo kanuni ya matofali ilikuwa imeingia kwenye sheria ya mirathi, na hakuna bunge lililoketi. Tanga, 1954: lori lililouzwa likiwa na jina la mtu mwingine mlangoni kwa rangi nyeupe. Mnunuzi aliona jina, hakuuliza, akapoteza. Sasa ilikuwa imeingia kwenye biashara. Kisha ikaja kesi ya jinai, ya mtu aliyenunua baiskeli iliyokwanguliwa namba, na hapo mstari wa buluu ulikuwa wa vipande vipande.

"Hapa wamekataa," nilisema.

"Wametofautisha. Jaji alisema kumpokonya mtu lori kwa sababu hakuuliza ni jambo moja, kumfunga jela kwa sababu hakuuliza ni jambo jingine. Jela inataka ithibitishwe kwamba alijua. Unaona? Ilifika mlangoni mwa jinai, wakaiambia ibaki nje."

Niliona. Nilikaa pale na miguu imekufa ganzi, nikaona kitu ambacho miaka mitatu ya mihadhara haikunionesha. Nilikuwa nikidhani sheria inashuka kutoka juu, kwa amri, redioni. Kumbe nyingine ilikuwa imepanda kutoka chini, kutoka kwa mchoma matofali na mjane wa nguo za kuanika, watu waliogombana juu ya kitu chao kidogo, jaji akawaamulia, na bila wao kujua uamuzi ule ukatoka kwenye shamba lao, ukavuka ziwa, ukaingia kwenye nyumba za watu ambao hawajazaliwa. Ukabadilika kidogo kila ulipopita, ukakataliwa mahali, ukakubaliwa pengine. Walioufanya wengi walikuwa wamekufa. Nchi tatu zilikuwa zimebadilisha bendera. Bado ulikuwa unatembea. Nilitazama ule mwandiko wa mbegu za ulezi, nikaona kwamba kwa miaka kumi na saba mwanamke huyu alikuwa akiandika ukoo mzima wa haki za watu wadogo, kati ya barua moja ya kuchapa na nyingine.

"Mama Loice," nilisema, "nisamehe."

"Kula hujala," alijibu. "Na bado hatujashinda. Olweny atasema Miwani hakununua, amepewa na serikali."

"Ndiyo. Atasema hivyo."

Alisimama, akapangusa vumbi magotini, akaenda kwenye kabati la chuma la karatasi zake za Ijumaa.

Mahakama ya hakimu ilikuwa imejaa siku ile. Upande wa nyuma waliketi vijana wawili wenye mashati ya maua na viatu vya visigino virefu. Hakuna aliyeuliza ni akina nani, kwa kuwa kila mtu aliwajua watu wa usalama kwa mavazi hayo. Hakimu alikuwa mtu mwembamba, karibu na kustaafu, na kila alipowaona vijana wale alikunja leso yake upya. Mahakamani tulisema Kiingereza, naye mkalimani akimgeuzia Pélagie kwa Kiswahili, nusu hatua nyuma yetu. Pélagie alikuwa amefunga kitambaa cha kanisani. Mama Loice aliketi kando yake na kikapu mapajani, kama mtu anayekwenda sokoni.

Sikutoa hotuba. Nilieleza mkataba, nikaeleza kwamba jiko la Pélagie linafuka moshi kila siku tangu alfajiri na kwamba mdai mwenyewe, kabla ya kupewa jengo, alikula pale mara mbili. Watu walicheka. Miwani hakucheka. Kisha nikaisoma Tanuri.

Bwana Olweny alisimama kwa adabu yake yote. Alisema ndugu yake msomi amesoma vizuri, lakini Tanuri inahusu mnunuzi. "Mteja wangu hakununua. Alipewa na serikali. Karatasi yake ya ugawaji inasema jengo. Haisemi mpangaji."

"Mheshimiwa," nilisema, "Mahakama ya Rufani ililijibu hilo mwaka 1961. Ghala lilitolewa na serikali kwa bodi ya mazao, bila malipo, huku mtunza ghala akiwa ndani kwa mkataba. Mahakama ilisema aliyepewa bure hawezi kuwa na nguvu kuliko aliyelipa."

"Hukumu hiyo," alisema Bwana Olweny, "haimo katika kitabu chochote ninachokijua."

Hakimu alinitazama. "Imo kitabuni?"

"Haikupigwa chapa, Mheshimiwa."

"Basi iko wapi?"

Nyuma yangu nilisikia kikapu kikifunguliwa. Mama Loice alipita kati ya viti, akaniwekea mkononi karatasi nane zilizofungwa kwa uzi, na kwenye ukurasa wa mwisho mhuri wa masijala, wa zambarau, wa Ijumaa moja ya mwaka 1961. Bwana Olweny aliipokea, akaisoma, akaugeuza mhuri kuelekea mwanga wa dirisha, akausoma mara ya pili. Kisha aliirudisha na kuniinamia kidogo, nami nikaipeleka mezani kwa hakimu. Alikuwa wakili wa kweli, mzee yule. Alipouona ukweli hakuukanyaga.

Hapo ndipo Miwani aliposimama.

"Mimi nauliza!" alipaza sauti, kwa Kiswahili cha kambini, na mkalimani akabaki amefunga mdomo. "Hii jaji ya hii karatasi, iko wapi? Iletwe hapa! Mimi nataka iniambie kwa macho!"

Vijana wa mashati ya maua walinyanyua vichwa. Hakimu aliikunja leso, akaikunjua.

"Jaji aliyeandika hii ya 1961 alifariki, bwana," alisema. "Na yule wa 1936 alifariki kabla yake."

"Wamekufa?"

"Wote."

"Sasa mtu amekufa inanizuia mimi? Mimi?"

Nilimwona Pélagie ameshika ncha ya gauni la Mama Loice. Nilimtazama hakimu, na ninakiri niliona mtu mwenye hofu, na nikajiambia, tumekwisha. Lakini aliitazama karatasi yenye uzi. Akaweka mkono juu yake, bapa, kama mtu anayeshika ukingo wa meza ndani ya mashua inayoyumba.

"Kama ningekuwa huru kuamua nipendavyo," alisema, na sauti ilianza chini ikaimarika, "labda mdai angenishawishi. Siko huru. Mahakama iliyo juu yangu imekwisha kuamua, na mimi, hakimu wa chini, sina uwezo wa kuitengua. Si mimi ninayekuzuia, bwana. Aliyekuzuia hapatikani. Anayetaka kubadilisha maneno haya akate rufaa. Mpangaji atabaki katika vyumba vyake kwa masharti yaleyale mpaka mkataba uishe, Desemba 1977."

Chuoni nilikuwa nimeandika insha nzima ya kudhihaki mahakimu wanaojifungia ndani ya hukumu za wenzao. Niliuita mnyororo wa waoga. Siku ile nilimwona mtu mwoga kabisa, huku wenye bunduki wawili wakimtazama kutoka nyuma ya chumba, akiushika mnyororo ule kwa mikono yake miwili juu ya shimo, nao ukamhimili. Wangeweza kumchukua yeye. Lakini hawakuwa na gari la kumfuata jaji wa 1936, na nadhani hata wao walilielewa hilo, kwa sababu walitoka nje wakawasha sigara, wakaenda zao.

Pélagie hakulia mpaka tulipofika barabarani.

"Mama Loice," alisema, "yule wa matofali, jina lake nani? Nimuombee misa."

"Jina limo kitabuni. Nitakuandikia."

Siku nyingi baada ya hapo, usiku, nilingoja wamjie hakimu, au wanijie mimi. Miwani alichagua rufaa, kwa sababu bado aliitaka ile karatasi. Ilichukua miezi kumi na sita. Nilikuwa nimemsumbua Mama Loice aandike kesi yetu pembeni mwa Tanuri, naye alikataa kila mara. "Ya hakimu wa chini haimfungi mtu mwingine. Hii si shajara, Oloya." Kisha siku moja ya Ijumaa, Februari 1976, alirudi kutoka masijala akipanda ngazi kwa haraka. Jaji wa Mahakama Kuu alikuwa ameitupa rufaa kwa kurasa tatu, na sentensi moja ilikuwa mpya: kwamba aliyepewa jengo, akiona jiko linafuka moshi, ana wajibu wa kuuliza sawa na mnunuzi.

Alishusha kitabu cha 1936. Akainoa penseli, ambayo sasa ilikuwa fupi kiasi cha kushikwa kwa kucha, akanipa.

"Buluu," alisema. "Andika ndogo. Wengine watataka nafasi."

Niliandika mwaka, na jina la mwanamke wa Butembo, chini ya fundi cherehani wa Kisumu na mjane wa Mbale. Nilipomaliza nilikuwa namwaza mtu nisiyemjua, katika mji nisioujua, ambaye siku moja atafukuzwa kwenye chumba chake, na wakili wake atapitisha kidole pembeni mwa ukurasa huu.

Tulikwenda kula. Pélagie alikuwa mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi, akicheka kabla hatujafika.

"Mmesikia habari za Miwani? Wamempa duka jingine, huko chini, barabara ya kwenda Kabalagala. Fundi wangu wa viatu amepanga hapo. Anasema jana bwana huyo alifika na gari, akasimama nje, hakuingia. Akagonga mlango. Akagonga, Bwana Avoka! Akasema, samahani, humu ndani kuna mtu? Na yuko hapa kwa haki gani?"

Mama Loice alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akafuta macho, akaketi kwenye benchi, akasogeza sahani yake karibu.

"Aliuliza," alisema. "Basi nipakulie."